Gurudumu Lisiachwe Hewani: Habari za Kamani za Gari la Porini

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo ni juu ya chuma kilichojificha chini ya gari, ambacho watu wengi hawakitazami ila siku kinapovunjika. Chuma hicho ni kamani, yaani yale mabapa marefu yaliyopangwa moja juu ya jingine, makubwa juu na madogo chini, ambayo mafundi wengi huyaita springi. Twataka kueleza jinsi kamani ziwezavyo kulainishwa ili gari lipite mahali pabaya bila kukwama, na pia jinsi mtu awezavyo kuliharibu gari zuri kwa kazi hiyo hiyo.

Bila shaka mmekwisha kuliona jambo hili. Gari laja katika njia iliyokatwa na korongo. Gurudumu la mbele la kulia lapanda ukingo, na la nyuma la kushoto lapanda ukingo mwingine. Yale mawili yaliyobaki yaachwa yakining'inia juu ya shimo. Dereva akanyaga mafuta. Magurudumu yaliyo hewani yazunguka mbio kama pia, na yale yaliyokanyaga ardhi hayasogei hata kidogo. Abiria washuka, waanza kusukuma na kuchimba, na mmoja wao hakosi kusema ya kuwa injini imechoka.

Injini haikuchoka. Katikati ya ekseli mna meno yaitwayo difu, ambayo kazi yake ni kuligawia kila gurudumu nguvu sawa, huku yakiyaruhusu magurudumu kuzunguka kwa mwendo mbalimbali gari likatapo kona. Gurudumu lililo hewani halina kitu cha kushindana nacho, kwa hiyo hupokea nguvu kidogo mno. Na kwa kuwa difu hugawa sawasawa, mwenzake aliye chini naye hupata kidogo vile vile. Ndiyo sababu gari lenye injini kubwa laweza kushindwa na tuta ambalo punda hulivuka bila kufikiri. Ziko difu zenye kufungwa ili magurudumu mawili yazunguke pamoja, lakini hizo ni ghali, na si kila gari lililonazo. Dawa ya kwanza ni kufanya gurudumu lisiache ardhi.

Sasa na tuulize, kwa nini gurudumu halikushuka likafuata shimo? Jibu lamo katika hesabu ndogo, nasi twawaomba wanafunzi waiandike. Tuseme kamani moja yabeba uzito wa kilo 400, na ugumu wake ni kwamba kila kilo 40 huikandamiza sentimita 1. Basi gari likisimama mahali pa sawa, kamani hiyo imekandamizwa sentimita 10. Shimo likitokea chini ya gurudumu, kamani yaweza kulisukuma gurudumu chini sentimita 10 hizo tu; baada ya hapo haina tena uzito wa kulikandamizia ardhini. Lakini kama kamani ni laini, na kila kilo 20 huikandamiza sentimita 1, gari hilo hilo limekwisha kuikandamiza sentimita 20, na gurudumu laweza kushuka sentimita 20 likiwa bado linakanyaga. Faida yenyewe ndiyo hiyo.

Tusiifunge hesabu kabla ya kuangalia hasara. Pakia mzigo juu ya kamani zile mbili, kila moja kilo 300. Ile ngumu itashuka sentimita 7 na nusu. Ile laini itashuka sentimita 15, na huenda ekseli ikagonga chesisi kila gari lipitapo jiwe. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kusema kamani nzuri ni ipi mpaka ajue kwanza gari lafanya kazi gani. Gari la kubeba watu wawili na hema laweza kuwa laini sana. Gari la kubeba magunia ya mahindi haliwezi, na mwenye gari anayetaka yote mawili imempasa kuridhika na kiasi cha katikati.

Kamani za mabapa si jambo jipya. Zilikuwako chini ya magari ya farasi kabla ya motakaa kuundwa. Jeep za Marekani zilizotumika vitani tangu mwaka 1941 zilikuwa na kamani hizo katika pembe zote nne. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, iliufuata mfano huo, na Land Rover za namna hiyo, ambazo wazee wetu wazikumbuka vizuri katika njia za Kenya na Tanzania, ziliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Waingereza wenyewe waliona ugumu wake: Range Rover ya mwaka 1970 ilipewa kamani za kuzungushwa kama waya wa kitanda, na mwaka 1983 Land Rover ya kazi nayo ikaanza kupewa hizo. Hata hivyo kamani za mabapa hazikufa. Toyota Land Cruiser ya kubebea mizigo yazitumia nyuma hata leo, na malori makubwa kadhalika.

Sababu yake ni kwamba kamani ya mabapa hufanya kazi mbili. Hubeba uzito, na tena huishika ekseli mahali pake, isiende mbele wala nyuma wala pembeni. Kamani ya waya hubeba tu; kuishika ekseli kwahitaji vyuma vingine. Neno hili twaomba likumbukwe, maana makosa mengi ya mafundi hutokana na kulisahau: ukiilainisha kamani ya mabapa, umelainisha pia mkono unaoishika ekseli.

Basi bapa lenyewe hupata wapi ugumu wake? Aliyewahi kuchonga upinde ajua. Upinde mnene hauvutiki, na upinde mfupi kadhalika. Ila watu wengi hawajui ni kwa kiasi gani. Ugumu wa bapa hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua bapa la milimita 8: mara 8, mara 8, ni 512. Chukua la milimita 6: mara 6, mara 6, ni 216. Unene umepungua robo tu, na ugumu umepungua zaidi ya nusu! Lakini nguvu ya bapa, yaani uzito liwezao kubeba bila kuvunjika, hufuata unene uliozidishwa mara mbili tu: 64 kwa lile la 8, na 36 kwa lile la 6. Kwa hiyo mabapa mawili ya milimita 6 yana ugumu wa 432, ambao ni chini ya bapa moja la milimita 8, na nguvu yake ni 72, ambayo ni zaidi. Laini kuliko lile moja, na imara kuliko lile moja! Hapo ndipo penye siri yote ya kamani zenye kunyumbuka: mabapa membamba, si mabapa machache.

Urefu nao hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kamani ya sentimita 100 ikibadilishwa kwa ya sentimita 120 yenye unene ule ule, ugumu wake hushuka chini ya sehemu tatu katika tano. Ndiyo maana mafundi wa Marekani wanaotengeneza magari ya kupanda miamba hupenda kutoa kamani fupi na kutia ndefu, ingawa kazi hiyo yataka kuhamisha vishikizo katika chesisi, nayo si kazi ya mtu mwenye nyundo na subira tu.

Kabla ya kununua au kukata chochote, tazama kamani ulizo nazo. Chukua daftari lenye jalada jepesi, likunje kama upinde: lakunjika bila taabu, kwa sababu kila ukurasa wateleza juu ya mwenziwe. Sasa bana kingo zake zote kwa vidole ujaribu tena. Daftari limekuwa ubao. Kamani yenye kutu iko hivyo. Mabapa yake yameshikana, nayo hufanya kazi kana kwamba ni chuma kimoja kinene. Tumeona magari yaliyodhaniwa kuwa na kamani ngumu mno, na ugonjwa wake ulikuwa matope ya miaka kumi.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Gari lainuliwe na kuwekwa juu ya magogo imara yaliyo chini ya chesisi, wala si juu ya jeki peke yake, ekseli itegemezwe, kisha kamani itolewe. Bolti ya katikati, inayoyashika mabapa pamoja, ifunguliwe huku kamani ikiwa imebanwa katika jiliwa au kwa kibanio kikubwa, maana mabapa yana nguvu ya kuruka na kumvunja mtu meno. Kila bapa lisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Bapa la chini huwa limechimba alama katika lile la juu yake kwa ncha yake. Ncha hizo zipigwe tupa ziwe mviringo, zisikwaruze. Kisha paka grisi yenye unga wa risasi ya kalamu, uyarudishe. Mafundi wengine hutia vipande vya plastiki ya kuteleza kwenye ncha. Katika nchi ya vumbi sisi twaona grisi isipakwe nyingi, kwa kuwa hushika mchanga, na mchanga na grisi pamoja hula chuma kama tupa.

Mtazame pia vibanio vinavyoyazunguka mabapa pembeni. Kazi yake ni kuyazuia yasiachane gurudumu linaposhuka. Vikibana mno, kamani haiwezi kujifungua. Wako wanaoviondoa kabisa ili gurudumu lishuke zaidi, nasi hatuwashauri: bila vibanio, bapa kuu hubaki peke yake likiivuta ekseli yote, nalo ndilo lenye masikio ya kuifunga kamani kwenye chesisi. Likivunjika, ekseli huenda upande na gari humfuata. Afadhali kutia vibanio virefu kidogo, vyenye nafasi ya mabapa kuachana kwa kiasi.

Mabapa mawili au matatu yakitosha, kwa nini kubeba kumi? Swali hili limejibiwa na kamani za namna nyingine, ambazo kila bapa lake ni nene katikati na jembamba kuelekea ncha, na mabapa hayagusani ila katikati na mwishoni. Msuguano wake ni mdogo sana. Wenye Land Rover za zamani huzinunua kwa wingi kuweka mahali pa zile za asili, na gari hubadilika tabia kabisa, hata mgongo wa dereva wajua. Lakini kwa kuwa msuguano ule wa zamani ulikuwa ukisaidia kuutuliza mtikiso, gari lenye kamani hizi lataka shokapu nzuri kuliko kwanza.

Onyo moja kwa wale wenye mhunzi jirani. Mhunzi akijua sana chuma hiki, maana majembe na visu vingi vimefuliwa kutoka kamani kuukuu, asije akakitia motoni ili kukikunja upya kisha kukirudisha garini. Kamani hupata uhai wake kwa kupashwa moto, kuzimwa na kupashwa tena kwa vipimo kiwandani. Moto wa mvukuto huuondoa uhai huo, nayo hulala baada ya siku chache au huvunjika. Kuchomelea bapa ni vibaya zaidi.

Sasa tufike kwenye shakeli. Hiki ni kipande cha chuma chenye matundu mawili, kinachoning'iniza ncha moja ya kamani. Kamani ikinyooka huwa ndefu zaidi, nayo shakeli huipa nafasi ya kwenda. Shakeli iliyosimama vibaya, au iliyogandamana kwa kutu, huifunga kamani kama mlango uliokwama. Watu wengi huweka shakeli ndefu ili gari liinuke. Wajue kwamba shakeli ikiongezwa sentimita 5, gari huinuka nusu yake tu, sentimita 2 na nusu, na ekseli huinama. Kwa ekseli ya mbele, kuinama huko hufanya usukani utange tange barabarani. Bushi za mpira katika masikio ya kamani nazo zitazamwe. Gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, sikio la kamani hutaka kujipinda, na mpira laini hukubali. Bushi ngumu za plastiki hudumu sana lakini hukataa. Bolti za bushi za mpira zikazwe wakati gari limekwisha kusimama juu ya magurudumu yake, la sivyo mpira hubaki umesokotwa na kupasuka upesi.

Twaja mahali ambapo kazi hii yaweza kumuua mtu. Tulipata kuona gari moja ambalo fundi wake alilifanyia kamani laini na shakeli ndefu, akalijaribu katika shimo la mchanga, nalo likapita vizuri ajabu, wote tukampongeza. Siku ile ile lilipokuwa likiteremka kilima chenye mawe, gurudumu la nyuma lilishuka kuliko lilivyowahi kushuka tangu gari liundwe, na mpira wa breki, ambao urefu wake ulikuwa ule wa kiwandani, ukanyooka ukakatika. Dereva alikanyaga breki, mguu ukaenda hadi sakafuni. Alilipeleka gari kwenye kichaka cha miiba kwa makusudi, na kwa hiyo watu sita walishuka wakiwa wamechunika tu. Fundi hakuwa mjinga. Alifikiri juu ya chuma kinachobeba, akasahau vile vinavyofuatana nacho.

Vinavyofuatana nacho ni hivi. Mipira ya breki lazima ifike hata gurudumu likining'inia mpaka mwisho, na ibaki imelegea kidogo. Shokapu ikiwa fupi, ndiyo itakayokuwa kamba ya kulizuia gurudumu, na itang'oka. Ikiwa ndefu mno, itagonga mwisho wake kabla ekseli haijafika kwenye mpira wa kuzuilia. Propela nayo hurefuka na kufupika ekseli inaposhuka na kupanda, na maungio yake hayawezi kupinda bila kiasi. Fito la kuzuia gari lisilale, kwa yale magari yenye fito hilo, hukataa gurudumu moja lisiachane na mwenziwe. Madereva wengine hulifungua wafikapo porini, lakini wasiporudisha kabla ya kurudi barabarani, gari hulala kwenye kona ya kwanza ya mbio.

Wako mafundi wanaoihamisha kamani kutoka chini ya ekseli na kuiweka juu yake. Gari huinuka kama sentimita 12 au zaidi kwa mara moja, na kamani zilizonyooka, ambazo hunyumbuka vizuri, zaweza kutumika. Kwa mashindano ya kupanda miamba ni mbinu nzuri. Kwa gari la kubeba watu sisi hatuipendi. Kwanza gari limekuwa refu kwenda juu, na mahali lilipokuwa likiinama sasa huanguka. Pili, dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu ekseli hutaka kujizungusha kinyume, na kamani laini hujikunja kama herufi S, kisha hujirudisha kwa kishindo. Maungio ya propela hayavumilii hayo siku nyingi. Mafundi stadi huongeza mkono wa chuma wa kuizuia ekseli. Asiyeweza kuutengeneza mkono huo na aiache kamani mahali ilipo.

Kama mwataka kuona akili iliyotumika vizuri, tazameni lori la GMC la magurudumu sita lililotengenezwa kwa majeshi ya Marekani tangu mwaka 1941 hadi 1945. Ekseli zake mbili za nyuma zilikaa kwenye ncha mbili za kamani moja, kila upande, na kamani hiyo ilizunguka katikati yake juu ya mhimili, kama pembea ya watoto. Ekseli moja ikipanda tuta, nyingine hushuka, na uzito hugawanyika bila kamani yenyewe kuwa laini. Lilibeba mzigo, na magurudumu yake yalikanyaga. Malori mengi ya ekseli mbili nyuma yafuata mpango huo hata sasa.

Mwisho, jinsi ya kupima. Wataalamu hutumia mteremko wa mbao wenye pembe ya nyuzi 20; gari hupanda polepole kwa gurudumu moja la mbele mpaka gurudumu lolote jingine linapoanza kuacha ardhi, kisha urefu uliopandwa hugawanywa kwa urefu ulio kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na jibu huzidishwa kwa 1000. Land Rover fupi ina sentimita 224 kati ya ekseli zake. Ikipanda sentimita 112, hesabu yake ni 500. Kijijini yatosha tuta la udongo ulioshindiliwa, kamba ya kupimia, na kipande cha karatasi chini ya kila gurudumu. Karatasi ikivutika bila kuchanika, gurudumu hilo halikanyagi tena. Pima kabla ya kazi, pima baada yake, gari likiwa tupu na tena likiwa na mzigo wake wa kila siku, na pasiwe na mtu ndani ila dereva. Likiwa limesimama pale pale juu ya tuta, mtu mmoja alale chini pembeni, nje ya njia ya magurudumu, na kuitazama mipira ya breki mmoja mmoja. Baada ya safari ya kwanza, bolti zenye umbo la U zinazoifunga kamani kwenye ekseli zikazwe tena, kwa maana chuma kipya hujilaza. Na zile za zamani zilizotolewa zisirudishwe, hata kama nyuzi zake zaonekana nzima.